Jogoo wa Bomeni

Mjinga wa siku ile alikuwa Ishaq. Hata leo ukimkuta kwenye kahawa atakukubalia, mradi usiende kumwambia mkewe, Mwanamvita, kwamba amekubali.

Asubuhi hiyo alikuwa kituoni Mraru, njiani kutoka Voi, helmeti bado kichwani, ameinama mbele ya sanduku la kioo akiwatazama kuku wa kukaanga waliolala chini ya balbu kama wagonjwa wodini. Alimwuliza msichana wa kaunta kuku wale wamechinjwa na nani. Msichana akajibu wamechinjwa na Mwislamu. Ishaq akataka jina. Msichana akasema Munir. Munir yupi, mtoto wa nani, anachinjia wapi? Msichana, ambaye alikuwa na wateja watatu wanaongojea chai, akamwangalia Mwanamvita kwa macho ya kuomba msaada.

"Munir anatosha," Mwanamvita alimwambia mumewe. "Tupe robo mbili, mwanangu."

Walikula wamesimama kando ya pikipiki. Ngozi ya kuku ilivutika kama mpira wa baiskeli. Ishaq alitangaza, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, kwamba kuku yule alikaangwa jana na leo amepashwa tu, na kwamba biashara ya kuku wa kukaanga ni ya watu wasio na haya. Mwanamvita alitafuna polepole, akasema chumvi ilitiwa juu badala ya kulazwa na nyama usiku kucha. Akafunga mfupa kwenye karatasi, akapanda pikipiki upande upande, akashika kiti. Kiuno cha mumewe hakukigusa.

Kule Voi, pembeni mwa soko, kulikuwa na chumba chenye bomba, dohani na mlango unaotazama barabara. Mwenyewe, Mzee Zubair, alikuwa amewashikia kwa wiki mbili, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho: alitaka neno lao, hata kwa simu, kabla ya alasiri. Mwanamvita alikuwa amepika jikoni kwa watu miaka kumi na mmoja. Wateja walikula mkono wake, wakatoka wakimsifu mwenye hoteli. Chumba kile alikuwa ameshakipanga kichwani, jiko hapa, meza nne pale, ndoo ya kunawia mlangoni. Ishaq ndiye aliyesema kwamba kabla ya kutoa neno wazunguke kwanza, kutoka Voi mpaka Taveta, waonje kuku wa wenzao, usiku walale kwa shangazi yake Mwanamvita, warudi wakijua wanaingia wapi. Mwanamvita alifurahi kama mtu aliyealikwa harusi. Alidhani mumewe amelitilia jambo maanani.

Ishaq alikuwa na lake. Yeye alikuwa mchinjaji. Kila alfajiri, akitoka msikitini, alizunguka na pikipiki na visu vyake viwili kwenye hoteli saba za mjini. Nyingi zilikuwa za Wataita na Wakamba, Wakristo, waliomwita achinje ili na Mwislamu akipita njia aweze kuketi ale bila wasiwasi. Bismillahi, kisu, ndoo. Bismillahi, kisu, ndoo. Miaka kumi na minne. Alipenda anavyopokewa, chai imeshamiminwa na kiti kimeshafutwa, ustadh karibu, ustadh za kwako. Sasa afungue hoteli yake ya kuku? Ni mwenye hoteli gani atakayemwita mshindani wake alfajiri aje amchinjie? Hilo hakumwambia mkewe. Kutukana kuku kulikuwa rahisi zaidi.

Mwatate walikuta kuku wa kuchoma. Makaa ndiyo kwanza yalikuwa yanakolea, kwa hiyo paja lilikuwa jeusi nje na ndani damu ingali imeshika mfupa. Ishaq aliliinua kwenye mwanga kama daktari anayesoma picha. Alimwita mwenye mahali, mtu mpole aliyejitambulisha kwa jina la Donald, akamhutubia juu ya moto, juu ya subira na juu ya amana ya mteja, mpaka watu wa meza ya jirani wakaacha kula. Donald alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama angependa lirudishwe kidogo kwenye moto. Ishaq akasema la, ameshaona.

"Umeona nini?" Mwanamvita aliuliza, akikaza helmeti juu ya mtandio.

"Kwamba hii kazi ina mambo yake."

"Mimi nimeona moto mchanga na mtu mwenye haraka. Hayo yana dawa."

Ishaq alipiga pikipiki kiki kwa nguvu, injini ikalia, na mengine aliyosema mkewe yakachukuliwa na upepo. Ndivyo walivyovuka Maktau, yeye mbele akisikia jua kwenye mapaja, mkewe nyuma kimya. Na kimya cha Mwanamvita kilikuwa na uzito. Ishaq aliapa baadaye kwamba pikipiki ilikula mafuta zaidi.

Taveta, mtaa wa Bomeni, walielekezwa kwa mpishi mmoja aitwaye Everlyne. Hapakuwa na kioo wala balbu. Palikuwa na paa la mabati, benchi mbili, migomba kwa nyuma, na kuku wa kienyeji wanaotembea chini yake kama wenye shamba. Mteja alichagua kuku akiwa hai, Festus, mume wa Everlyne, akamkamata, akachinjwa, akaingia sufuriani. Ila siku ile mchinjaji wao alikuwa amekwenda mazikoni kijiji cha Mata, na Everlyne alikuwa anawarudisha Waislamu mlangoni kwa kuwaomba radhi.

Ishaq alichangamka kwa mara ya kwanza tangu kuondoka Voi. Alitoa kisu chake chini ya kiti cha pikipiki, akakifunua kutoka kwenye kitambaa, akakunja mikono ya kanzu.

Mwanamvita alimwonyesha tembe mmoja mwekundu, mwenye miguu safi, bado hajaanza kutaga. Ishaq hata hakumtazama. Jicho lake lilikuwa limeshika jogoo mmoja mkubwa, mwenye kishungi kilicholala upande kama kofia ya askari aliyestaafu, na miguuni vipi, ile miiba ya nyuma ya mguu, virefu kama vidole vya mtoto.

"Huyo ni mzee," Festus alisema. "Huyo tunamweka tu atuamshe."

"Bwana, mimi nimechinja kuku wengi kuliko siku ulizoishi. Niletee."

Na alisema kweli. Kosa lilikuwa hapo hapo kwenye ile kweli. Kuku wote aliowachinja Ishaq miaka kumi na minne walikuwa wa kizungu, wa wiki sita, waliofika hotelini kwenye kreti wakiwa sawa kama mayai ya trei moja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupata muda wa kuota kipi. Shingo alizijua. Umri hakuwahi kuhitaji kuujua.

Jogoo alichemka saa nzima. Everlyne akachoma uma, uma ukarudi. Akaongeza maji, akaongeza kuni. Saa ya pili ikaingia. Wateja wengine walifika, wakala tembe wao laini, wakalipa, wakaondoka wakijilamba. Festus alikuja mara kwa mara kuchungulia sufuria, akaondoka akiwa ameuma mdomo ili asicheke.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mzee Zubair. Ishaq alijitenga kwenye migomba, lakini Zubair alikuwa na sauti ya kusikika kata nzima. Muuza kava za simu ameketi mbele yake, anataka chumba. Wanakichukua au hawakichukui? Ishaq akaomba mpaka kesho, akaeleza kwamba wako safarini, bado wanaonja. Zubair akasema hana kesho, ikipita alasiri anatoa ufunguo.

Ishaq alirudi kwenye benchi akajaribu kuifanya habari iwe nyepesi.

"Kuna mtu mwingine anakitaka. Vyumba havijaisha Voi."

"Umemwambia tunaonja," Mwanamvita alisema.

"Si ndiyo kweli?"

Zubair hakuwa mtu wa kupokea neno la mke wa mtu. Biashara aliongea na mume, wake za watu aliwapelekea salamu. Wote wawili walilijua hilo, na Ishaq alikuwa amelikalia kama mto. Mwanamvita akainuka, akakunja mikono ya buibui, akaingia jikoni kwa Everlyne bila kuomba ruhusa. Ishaq alimsikia akiuliza kama kuna papai bichi la kulainisha nyama, kama kuna nazi, ndimu, pilipili. Alimsikia Festus akitumwa kwenye mpapai. Kisha adhana ya alasiri ikalia, na Ishaq, akiwa ameacha simu mezani isije ikamwaibisha kwenye safu, akaenda msikitini kwa hatua za mtu aliyesamehewa.

Hakuharakisha kurudi. Aliketi barazani pa msikiti akipanga maneno ya kumfariji mkewe. Aliporudi, jogoo alikuwa mezani ndani ya mchuzi mzito wa nazi, na Everlyne na Festus wamealikwa wanakula pia. Ishaq alivuta paja, mfupa ukabaki mkononi na nyama ikabaki sahanini. Alionja. Akaonja tena, akitafuta kosa, na kadiri alivyolikosa ndivyo alivyokasirika.

"Umepika vizuri, hakuna anayekataa," alisema mwishowe. "Lakini umeona mateso? Kuku mmoja, mchana mzima. Huenda Mungu ametuepusha na mengi."

"Mungu au hoteli zako saba?"

Mkono wa Ishaq ulisimama katikati ya sahani na mdomo.

"Miaka kumi na minne nakuamsha uende ukachinje," Mwanamvita alisema bila kupandisha sauti. "Unadhani sijui unaogopa nani asikuite? Ungeniambia, Baba Khairat. Tungetafuta njia. Badala yake umenizungusha juani nikila kuku wabaya."

Everlyne aligundua ghafla kwamba ugali umepungua, akaenda jikoni. Festus hakupata pa kwenda. Alishika sahani yake kwa mikono miwili.

Ishaq alinawa vidole, ingawa hakuwa amemaliza. Alijua amebanwa, na mtu aliyebanwa hushika kilicho karibu.

"Sawa. Naogopa. Lakini maneno hayo yamechelewa, alasiri imepita na chumba kimekwenda. Zubair hatoi ufunguo mpaka asikie mume amekubali, na mimi sikukubali."

"Alipiga tena ukiwa msikitini," Mwanamvita alisema, akimwongezea Festus mchuzi. "Akasema anataka kusikia mwanamume akikubali. Nikampa simu Festus."