Neno Lililozuiwa Mlangoni

Miaka ile soko huria lilipofikisha intaneti Bariadi, Novatus alifungua duka la kompyuta pale Somanda. Mtandao wenyewe ulikuwa na maringo: ukurasa ukifika nusu unakatika, na matusi ya wateja yanamwangukia yeye. Akachoka. Kwenye mashine iliyokaa mbele ya seva yake, kompyuta kuu ya duka, ile inayopokea kila jibu kabla halijamfikia msomaji, akaweka amri moja: kusanya kwanza, jibu likikamilika ndipo ulitoe.

Hakuona ubaya. Kwao Ngulyati ndivyo alivyolelewa. Mjumbe wa msiba haropoki njiani. Atakaribishwa, atakaa, atakunywa maji, kisha aseme yote kwa pamoja. Habari nusu, baba yake alikuwa akisema, ni kumtesa mtu bure.

Dada yake Nyamizi alipopelekwa India na uvimbe wa koo, sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Novatus akatengeneza ukurasa wa maongezi: Nyamizi aandike kule, maneno yatokee Somanda hapo hapo, mama naye ajibu. Aliujaribu kwa salamu mbili, akafunga maongezi, salamu zikatokea. Akaridhika, maskini. Hakutambua kwamba zilitokea kwa sababu alifunga.

Asubuhi ya operesheni, mama yao Minza alifika amevaa kitenge cha kanisani. Hakujua kusoma. Akaketi karibu na mwanawe, macho kwenye kioo cha kompyuta. Kioo kikabaki cheupe.

"Mwandikie kwamba nipo," akasema.

Novatus akaandika: Tupo. Nalo likakwama kwenye mashine ile ile, likingoja maongezi yaishe. Walikaa mpaka chai ya mama ikafanya utando.

Mara maneno yakamwagika yote kwa mpigo. Nyamizi alikuwa amefunga maongezi kule, na mashine, kwa utii wake wa kipumbavu, ikaona sasa jibu limekamilika. Novatus akaelewa alichokifanya.

"Soma," mama akasema.

"Shikamoo mayu," akasoma. Ndivyo walivyomwita mama nyumbani. "Upo?"

"Marahaba. Nipo, mwanangu."

"Mayu, naogopa. Niandikie hata neno moja."

"Usiogope. Nipo hapa."

"Wamekuja kunichukua. Basi, labda hukuweza kuja."

Mama akamgeukia. "Mwambie nimekuja! Andika haraka!"

Novatus akaandika, huku akijua kule hakuna mtu.

Nyamizi hakuamka. Mumewe Marcelo, aliyemsindikiza, alipiga simu jioni ile akilia.

Matangani, mama alimwita Novatus nyuma ya nyumba. "Alikwenda akijua nilikuwepo?"

Uongo mmoja mdogo ungemtuliza, wala hakuna ambaye angemsuta. Novatus alitamani kwanza amkalishe, amletee maji, kama alivyofundishwa. Lakini alikuwa amechoka kuzuia maneno.

"Hapana, mayu," akasema.

Mama akaketi chini mwenyewe, pale pale mchangani.