Dix-sept ao vingt-trois

…dix-sept njo Donat, vingt-trois njo maman Antoinette, bote banatafuta kura, haiko ngumu, kusoma sijui lakini chiffre, namba, nani atanidanganya, nagusa télé hii ya kura na kalamu yenye kamba, basi, commune, muji yetu hapa, inapata bakubwa bake, na Donat iko ananingojea inje mu gari yake, asubuhi akinileta alisema, "Mama mudogo, dix-sept, eh? Nikipita mu kura, fasi ya kuuzisha mikate ku soko ya Midi ntakupatia miye mwenyewe," fasi, Mungu wangu, meza yangu kila dimanche, siku ya soko, bila police kunifukuza na beseni ku kichwa… lakini huyu njo ule alibeba cherehani yangu kule Likasi, bwana yangu hata hajazikwa, wanaume ba famille juu ya viti, "nani anakubali?", mikono juu, cherehani inaenda kwa Donat, mutoto wa kaka ya mufu, na miye chini ku mukeka, nani aliniuliza… jana mujukuu wangu Graciella ananisomea devoir yake ya masomo, Amérique ya zamani, mugini kidogo pembeni ya pori, batu banatoka mbali, ule anakata miti anapata shamba, ule ana shamba ananyosha mukono ku kikao, anachagua mukubwa, nikasema ah, kama sisi tulivyotoka Likasi tukashuka ku Gare du Midi! na bamama? "Bamama hapana, bibi." Na bale balikuwa mu pori mbele ya hawa kufika? "Kitabu haisemi." nikacheka mpaka kukohoa, kumbe kule pia ningekaa ku mukeka… lakini hapa kuko rideau, pazia, Donat haoni, ninaweza kumunyima kura na bado atanipatia meza, atakula mikate yangu, atasema merci, ha!… hapana, hiyo nayo ni kuiba, sitaki kufanana naye… maman Antoinette yeye alisema, "Tutaombea bamama bote fasi ku soko, labda bakubwa batakataa," labda, nani anapenda labda… "Ça va, madame?" ni ule papa wa bureau ya kura, nyuma ya rideau… miaka trente nachoma mikate, hiyo haiko shamba? meza ya Donat ni ya muntu moja, na kesho atakumbusha, mama mudogo, nilikupa… ya Antoinette ni labda, lakini labda ya bote, bon, nachukua labda, na cherehani, ona, haiko tena mu kichwa, ugomvi yangu ya miaka vingt-six imeenda wapi?… "Madame? Vous avez fini?" Bado, papa, kalamu iko juu, bangojee kidogo, ni mara ya kwanza muntu ananiuliza…