Picha ya Mama Mkwe

Kazi yangu nikishaimaliza huwa naisimamisha mbele ya meza, nakula ugali huku naitazama. Picha mbaya haivumilii mlo. Kabla sijanawa mara ya pili inakuwa imeshajisema yenyewe. Majirani zangu hapa Pasiansi wanaona nina wazimu. Wao wanatundika ukutani kalenda za maduka ya pembejeo na kuridhika, kwa hiyo siwasikilizi.

Safari hii picha ilikuwa ya mama mkwe, na ilitakiwa kwake Kisesa Jumapili, kwenye ibada ya shukrani. Mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, daktari kaongea naye kwa upole kupita kiasi, naye akaamua wajukuu wabaki na sura yake. Wanawe walitaka kumpeleka studio. Akakataa. "Nina mkwe mchoraji," akasema, "nyinyi mnanipeleka wapi?" Sikuwahi kusikia sifa kama hiyo kutoka upande ule. Kichwa kikanivimba wiki nzima.

Basi nikaanza kuikagua kuanzia chini. Miguu: sijawahi kuchora miguu kama ile. Nyufa za kisigino, kidole kidogo kilichompanda mwenzake, kandambili zilizolika upande mmoja. Kitenge kimekaa. Mikono inachambua choroko na kila punje unaiona. Nikajipongeza, nikakata tonge jingine, nikapanda hadi usoni.

Usoni alikuwepo Sabina, mke wangu. Nilikuwa nimemwongezea mikunjo na kumfunga kilemba, lakini ni yeye, mpaka ile namna yake ya kununa nikichelewa kurudi.

Nieleweni. Mimi ni Mjaluo wa Rorya, mke wangu Msukuma. Watu wa kwetu na wa kwao hawakubaliani hata namna ya kupika samaki, lakini kwenye hili lugha ni moja: mama mkwe hatazamwi usoni. Miaka yote ya ndoa yangu nimemwamkia yule mama huku nimeinamia sakafu. Sabina alinitumia picha ya mama yake kwenye simu. Nikaifungua, nikaona aibu, nikailaza simu kifudifudi. Sasa mtu wa namna hiyo alitegemea kuuchora uso kwa kutumia nini?

Sabina akaingia, akaitazama picha kwa muda.

"Nimezeeka vizuri," akasema, akaondoa sahani.

Ningeweza kuipeleka hivyohivyo. Watu wangepiga vigelegele, maana mama na binti hawakosi kufanana. Lakini wajukuu wangekua wakionyeshwa bibi ambaye si bibi yao, na yule aliyeniamini angekuwa amepotelea mikononi mwangu. Roho iliniuma, ugali ukanishinda.

Jumamosi tukaenda Kisesa. Mama alikuwa amekaa uani, kiti amekielekeza zizini kama adabu inavyotaka. Nikaketi mbali, nikainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Sabina akamwekea picha mapajani. Kuku akapita, akarudi.

"Sabina," akasema mama, "mwambie mwenzio miguu ni yangu. Huyu aliyeivaa ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Nilidhani nimeomba nichorwe mimi."

"Mwambie mama nimeshindwa," nikaiambia ardhi. "Uso wake siujui."

Mama akacheka mpaka mshono ukamuuma, akaushika.

"Mwambie nikifa atapanga foleni na watu wote kunitazama jenezani, na hakuna atakayemkataza. Wakati huo mimi sioni kitu. Hiyo ni adabu gani? Anitazame leo."

Nikasikia kiti kinageuzwa. Shingo yangu haikutaka, nikailazimisha. Alikuwa na uso mwembamba, jicho moja dogo kuliko jingine, na kovu kidevuni ambalo hakuna aliyewahi kunitajia. Hakufanana na Sabina popote. Naye alikuwa ananitazama, polepole, kuanzia kwenye mvi.

"Kumbe umezeeka hivi, baba," akasema. "Na mimi miaka yote namwombea kijana."