Kikopo cha Baba Pacha

Mume wangu alipita kila kitu. Ubao wa macho aliusoma mpaka mstari wa mwisho, ule ambao mimi naona ni vumbi tu. Masikio mazima, presha ya kijana. Polisi nao walishaandika kwamba hana kesi yoyote, jambo ambalo ningeweza kuwaambia bure, maana Baba Pacha akiokota kalamu barabarani humtafuta mwenyewe. Kilichobaki kati yake na kazi ya kuendesha kreni kwenye kampuni ya ujenzi kilikuwa kipimo cha dawa za kulevya, yaani kikopo cha plastiki chenye mstari mwekundu. Na kikopo chenyewe kilikuwa kitupu.

Nilimsindikiza kliniki kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, mimi ni mwalimu wa chekechea, na pia kwa sababu sikutaka aende peke yake. Tangu kiwanda chake kifungwe, mwaka mzima alikuwa akipeleka maombi ya kazi na kurudi uso umemshuka. Kampuni hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kumwita. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikamwombea moyo, mapafu, mgongo, vitu vikubwa vikubwa. Mkojo haukunijia akilini. Nani humwombea mtu mkojo?

Mara ya kwanza alitoka chooni akitikisa kichwa. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akampa maji. Mara ya pili kikopo kilikuwa bado kikavu. Mara ya tatu hakunitazama hata mimi. Aliporudi ndani tena, nesi alinijongelea pale kwenye benchi, akanong'ona.

"Maji aliyoruhusiwa ameyamaliza yote. Siwezi kumwongezea, yakizidi yanaharibu kipimo. Na tukifunga kabla hajatoa, mama, inabidi niandike amekataa kupimwa."

"Hajakataa. Si yuko mle anajaribu?"

"Najua. Lakini utaratibu ndio huo. Na kampuni wakiona amekataa, kwao ni sawasawa na mtumiaji."

Mtumiaji. Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi huisoma karatasi yake mbele na nyuma kabla ya kufungua chupa. Nilitaka kuanza kugomba, na mdomo wangu ukianza hauna breki, lakini yule mama hakuwa na kosa. Nikajikaza.

"Kwani huko ndani kukoje?" nikamuuliza.

"Kawaida tu. Bomba tumelifunga ili mtu asichanganye maji. Ya chooni tumeyatia rangi ya buluu, sababu ni hiyohiyo. Koti na simu anaacha nje. Mimi nasimama mlangoni kimya kabisa, simsumbui. Nampa nafasi."

Kimya kabisa. Hapo nikaiona nyumba yetu. Choo kimoja, watu sita: sisi wawili, pacha, dada yao mkubwa, na mama mkwe wangu. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona mwanamume yule akiingia chooni bila kugongewa. Pacha wamebanwa, dada yao anachelewa shule, mama mkwe maji yake ya kuoga yanapoa, na mimi nyuma yao wote nikifoka. Mtu aliyezoea kelele zile miaka yote, leo unamfungia kwenye chumba kisicho hata na tone la bomba na kumwambia ajisikie huru.

"Nesi, niruhusu nimgongee mlango."

"Umgongee?"

"Nimfokee kidogo."

Alinitazama juu ya miwani yake. "Kuingia huruhusiwi," akasema polepole. "Kumpa kitu chochote huruhusiwi." Akafikiri tena. "Kufoka sijaona kukikatazwa."

Nikasimama mbele ya mlango, nikainua mkono, na mkono ukawa mzito. Nilikumbuka kwamba mwaka ule sikuwa nimemgongea hata mara moja. Kiwanda kilipofungwa niliwaweka watoto kitako nikawaambia baba yao wasimsumbue, wamwache apumzike. Tangu hapo nyumba nzima ilikuwa ikinyata. Akiwa chooni, pacha husubiri nje wamebana miguu na hawasemi neno. Mimi nikaona huo ndio upendo.

Nikapiga moyo konde, kisha nikaupiga mlango.

"Baba Pacha. Umelala humo? Watu wamebanwa huku. Choo si chako peke yako. Pacha watajikojolea, mama yako maji yanapoa, na mimi nachelewa kazini. Au unataka nifukuzwe, tuwe wawili tunaoangaliana nyumbani?"

Hilo la mwisho lilinitoka tu. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri kupigwa picha ya kifua akajiziba mdomo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu nikamsikia Baba Pacha humo ndani akicheka, kile kicheko chake cha tumboni ambacho nilishasahau kilivyo. Na katikati ya kicheko, mvua ikaanza kunyesha kwenye plastiki. Nesi akashusha pumzi kana kwamba ni yeye aliyebanwa.

Alitoka ameshika kikopo kwa mikono miwili, kimepita mstari mwekundu. Nesi akapima joto la mkojo kuhakikisha umetoka sasa hivi, akakifunga kikopo, akakibandika lakiri, akamwonyesha pa kutia sahihi.

Tulirudi kwa miguu.

"Umenigombeza mbele za watu," akasema.

"Nisamehe."

"Sina la kukusamehe. Nilidhani mmeshaacha."

"Tuliacha tukupe nafasi. Tuliona una mawazo."

Akatembea kidogo, akitazama chini. "Mama Pacha, mtu anagongewa mlango kwa kuwa kuna mahali anatakiwa awahi. Ninyi mlipoacha kunigongea, nikajua hata ninyi mmekubali kwamba sina pa kwenda."

Nikamshika mkono mchana kweupe, barabara nzima ikiona, na sikuuachia mpaka nyumbani.

Majibu yalichukua siku kadhaa kutoka, na yalitoka safi, na kreni akapewa. Lakini mimi sikuyangoja. Asubuhi iliyofuata tu aliingia chooni, na nyumba ikanyamaza kama ilivyokuwa imezoea. Pacha walikuwa wamesimama nje wameshikilia kaptula zao. Nikaupiga mlango kwa kiganja.

"Baba Pacha, toka. Unachelewa."

"Nachelewa wapi?"

"Sijui. Wewe toka tu."

Pacha wakatazamana, wakanitazama mimi, kisha wote wawili wakaanza kugonga.