Gongo Jepesi la Thabit

Nasriya binti Harub alikuwa na maradhi ya kuuliza. Akila wali wa watu atataka kujua umetiwa hiliki ngapi, na akipita kwa fundi saa atainama mpaka pua iguse kioo. Mumewe, Thabit, alikwisha kuzoea. Kwa hivyo jioni ile alipoingia nyumbani na magongo mawili ya hoki kwapani, alijua hatapata hata kahawa kabla ya kuhojiwa.

"Mawili ya nini, Baba Kheiria, na wewe golini unashika moja?"

"Nnataka kuchagua. Litakalobaki nnalirejesha dukani."

"Utachaguaje? Yote si sawa tu?"

Thabit akacheka kidogo, na kwa Thabit kidogo kilikuwa kingi. Tangu walipofika Maskati, yapata miaka miwili sasa, maneno yake yalikuwa ya kupimiwa kwa kijiko. Kutwa alikuwa karani wa mfanyabiashara mmoja wa nguo huko Matrah, akirudi alikula, akasali, akalala. Ila Ijumaa. Ijumaa baada ya Alasiri watu waliotoka Unguja walicheza hoki kwenye uwanja wa changarawe nje ya lango la mji, na Thabit ndiye aliyelinda goli, kama alivyolinda Unguja miaka kumi. Usiku wake alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, akaupanga mchezo mzima juu ya mkeka: kikombe hiki Marhoon, sahani hii beki, tende hii ndiyo mpira. Alizungumza mpaka ulimi ukamkauka. Nasriya alimpenda mume huyo wa Ijumaa, na hao wengine sita wa juma aliwavumilia.

Sasa huyo wa Ijumaa alitaka kumponyoka. Ijumaa iliyopita, katikati ya mchezo, gongo lilimtoka Thabit mkononi, likaanguka chini, mpira ukapita. Thabit aliwaambia wenzake kuwa jua lilimpiga machoni. Marhoon, nahodha wao, alikuwa mtu mwema lakini kufungwa hakukujua. Akamwambia mbele za watu: "Ijumaa ijayo nnakupa tena, ndugu yangu. Likikutoka mara ya pili, golini anasimama Aflah." Aflah alikuwa na miaka ishirini na mikono kama makasia. Nasriya hayo hakuyasikia kwa mumewe, aliyasikia kwa Mahbuba, mke wa Marhoon, ambaye siri kwake zilikuwa kama maji ndani ya pakacha.

Tena Nasriya alijua kuwa si jua. Kilikuwa kifundo cha mkono wa kulia. Kilivunjika Unguja, Januari ile ya mwaka sitini na nne, wanaume walipokusanywa kwenye uwanja wa skuli. Baada ya siku tisa Thabit alirudi na mkono umefungwa kitambaa na habari kuwa Mzee Harub, babake Nasriya, amefariki humo humo. Mfupa ulijiunga upande. Na Nasriya, ambaye angemuuliza hata kuku kwa nini anakunywa maji na kuangalia juu, hilo peke yake hakuwahi kuliuliza. Aliliogopa.

Basi wakakaa na magongo yao. Thabit alimwonyesha kichwa kilichopinda, kilichotoka kwenye mti wa mforsadi, na mpini wa henzirani iliyochanwa na kugandishwa, ili mpira ukigonga, mkono usipigwe ganzi. Alimwonyesha nyuzi za mti zilivyolifuata pindo mpaka nchani. Nyuzi zikikatika pale penye pindo, alisema, gongo halimalizi mwezi. Aligonga moja, akagonga la pili, na Nasriya akatega sikio: moja lililia, jengine liliguna.

"Linalolia ndilo kavu," alisema Thabit. "Na ndilo jepesi. Lile jengine limelizidi wakia tatu. Mchezaji wa mbele anashika kwa mikono miwili, wakia tatu hazimwambii kitu. Golini nnashika kwa mkono mmoja, na mpira ukija haungoji."

Wakachagua jepesi. Thabit akavunja chupa, akachukua kigae, akaanza kulikwangua mgongoni taratibu, vumbi la mti likimwagika kama unga wa chapati. Nasriya naye akaomba kigae chake. Walikwangua mpaka Thabit akasema basi, likizidi hapo litavunjika.

"Na maji yaliyomo ndani ya mti je?" aliuliza Nasriya.

"Hayo mwachie Mungu."

Nasriya hakumwachia. Yeye alikuwa binti wa shamba la mikarafuu, na alijua kuwa ratili tatu za karafuu mbichi ukizianika zinabaki ratili moja. Kwao kila kitu kilianikwa: nazi, mbao, magodoro, hata vitabu, kwani unyevu wa Unguja hauchagui. Asubuhi, Thabit alipokwenda Matrah, alilipandisha gongo darini, akalilaza juani. Jioni akalishusha, akalipima kwa mkono, akaona kweli limepungua. Akafurahi, wala hakusema. Alitaka iwe zawadi. Siku ya pili akalipandisha tena.

Jua la Maskati mwezi wa Mei si jua la kuanikia kitu unachokipenda. Kabla ya Alasiri Nasriya alisikia *ta!* huko juu, kama mtu aliyevunja kuni. Alipofika, gongo lilikuwa limepasuka kutoka pindo mpaka nusu ya urefu wake, na ufa ulipitisha kidole.

Alimngoja mumewe mlangoni nalo mikononi, akamwambia yote. Angefurahi kama angegombezwa. Thabit alikitia kidole chake kwenye ufa, akakitoa.

"Jua la huku si la kwetu," alisema.

Alkhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Thabit alisimama uani na lile gongo zito, akalinyoosha kama anavyolinyoosha golini. Nasriya, nyuma ya pazia la jikoni, akahesabu. Alipofika themanini mkono ulianza kutetemeka. Alipofika mia na kumi kichwa cha gongo kiligusa chini. Thabit akaliegemeza ukutani polepole, akatoka bila ya kuangalia nyuma. Nasriya aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kiherehere chake ndicho kilichomchukulia mumewe goli lake.

Lakini kiherehere hakina likizo. Alilichukua gongo lile, akalishika mpini, akaligeuza kichwa juu. Akaliangalia lile pindo. Akaduwaa, kisha akacheka peke yake: kumbe upembo! Babake alikuwa nao shambani, fimbo ndefu yenye ndoana nchani ya kuvutia matawi ya mkarafuu, urefu wake watu wawili na zaidi. Na kwenye kitako cha upembo ule Mzee Harub alifunga kipande cha chuma. Nasriya, na miaka yake saba, aliuliza: fimbo tayari nzito, unaizidishia uzito kwa nini? Babake alimwambia tu, "Shika, mwanangu." Akashika. Ile ncha ya mbali ikainuka kama inayotaka kwenda yenyewe.

Alivaa buibui lake, akakamata njia ya mlimani kwenda Sidab kwa Masouda. Masouda alizaliwa Malindi ya Unguja, akaolewa na mvuvi wa Sidab zamani, na nyumba yake ilijaa nyavu.

"Shoga, nipe chubwi za risasi, zile za kuzamishia nyavu."

"Umeanza kuvua?" alisema Masouda. "Nani kakukosea umtie baharini?"

"Nnataka kulifanya gongo la mume wangu jepesi."

Masouda alimtazama, akamtazama tena, akamhesabia chubwi kumi, akatia na shahada juu yake.

Kutwa ile chungu hakikupanda motoni. Nasriya aliziponda zile risasi kwa jiwe mpaka zikawa bapa kama kashata, akazizungushia kwenye ncha ya juu ya mpini, moja moja. Kwa mbili hakukuwa na tofauti. Kwa nane kichwa cha gongo kilielea ovyo, hakikujua kinakwenda wapi, na kwa hivyo akapunguza. Alilipitisha juu ya kidole kutafuta pahala linapolala sawasawa, akatia alama ya mkaa, akaongeza moja, akatazama alama ilivyosogea kumfuata mkono. Aliona raha isiyo kifani. Zilipofika tano, na mkono ukashika shubiri moja chini ya risasi, gongo lilitulia. Akakaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na juu yake utepe alioupasua kwenye kanga yake kuukuu, jasho la mkono lisiteleze.

Thabit aliporudi aliiona ile nundu, akaibonyeza.

"Umetia risasi? Mama Kheiria, gongo zito, unalizidishia uzito?"

"Shika, Bwana. Shika hapa chini kidogo."

"Wewe mwanamke..."

"Shika!"

Akashika, akalinyoosha. Nasriya akahesabu, safari hii kwa sauti. Mia. Mia mbili. Kwenye mia mbili na hamsini Thabit alilipeleka kushoto ghafla, akalirudisha kulia, akalitazama kana kwamba limemsemesha. Kwenye mia tatu Nasriya aliacha kuhesabu kwa sababu sauti ilimkauka.

"Hii nani kakufundisha?"

"Upembo wa baba," alisema Nasriya.

Thabit aliteremsha gongo. Uso ulimbadilika, na Nasriya hakuelewa kwa nini. Kwa mara nyengine hakuuliza.

Ijumaa alikaa na Masouda juu ya jabali linalotazama uwanja, mabuibui yamewafunika mpaka machoni. Kwa mbali wachezaji walikuwa kama punje za pilipili manga, lakini golini palikuwa na mumewe, na Nasriya alimjua kwa kuinama kwake. Timu ya Matrah ilikuja kwa vishindo. Goli moja waliingiza, katikati ya miguu ya Thabit, na Masouda akamfinya shoga yake mpaka akaacha alama. Marhoon akasawazisha. Dakika za mwisho mtu wa Matrah alipiga kutoka karibu, mpira ukaruka usawa wa bega, na gongo la Thabit likaenda kuukuta. Sauti yake ilifika mpaka jabalini. Mpira ulitoka nje, na gongo lilibaki mkononi.

Mchezo ukaisha sare, moja kwa moja. Nasriya alikimbia nyumbani ili akutwe anapepeta mchele.

Thabit aliingia na vumbi kwenye kope. Nasriya alikwisha kupanga vikombe na sahani juu ya mkeka, na tende moja katikati. Akaanza: Marhoon kasema nini? Na Aflah je?

"Marhoon kalishika gongo, kasema jepesi, anataka la namna hiyo. N'kamwambia la kwako lina upungufu wa nusu ratili, tena wa risasi. Hakusadiki. Akauliza fundi nani. N'kamwambia baba mkwe wangu."

Alikaa. Hakuigusa tende.

"Unaniuliza kila kitu, Nasriya. Liko moja hujaniuliza."

Nasriya akaweka ungo chini. Mkono ule uliopinda ulikuwa umelala juu ya mkeka, baina ya vikombe.

"Mkono huu," alisema Nasriya. "Ulivunjikaje?"

"Kwa kitako cha bunduki. Hakikuja kwangu, kilikuja kwa Mzee Harub, kichwani. Nlikuwa nimekaa ubavuni pake, n'kanyoosha mkono kama ninavyonyoosha golini. Pigo la kwanza nlilidaka." Akauangalia ule mkono. "La pili mkono haukunyanyuka. Miaka miwili nnaogopa utaniuliza, na mimi nikwambie kuwa lilinipita."

Nasriya alilia, na alilia kwa sauti, kwa babake, kwa shamba, kwa miaka miwili ya vijiko vya maneno. Kisha akainuka, akaleta mafuta ya nazi, akauchukua ule mkono, akaulaza mapajani mwake. Akaanza kuukanda, kutoka kidoleni mpaka pale mfupa ulipojiunga upande.

"Hapa panauma?" aliuliza.

"Panauma."

"Na hapa?"