Sita kwa Sita

Mzee Sixtus, mwenyekiti wa kamati ya mnara wa kumbukumbu ya vita vya Majimaji, alikuwa ameandika maneno ya mnara kwa mwandiko wa karani. Kushoto majina sita ya waliouawa na wapiganaji, kulia sita ya waliouawa na askari wa Mjerumani. Chini yake: "Wote walikosa. Tusamehe."

"Sahihisha Kiswahili tu, Mwalimu," alisema. "Fundi anachora kesho."

Mwalimu huyo, Beatha, alikuwa amefundisha historia Mbinga kwa miaka kumi na moja. Aliomba kuona majina yalikotoka. Yalitoka katika kitabu cha maziko cha kigango cha kanisa, na kitabu hicho kiliandika waliobatizwa peke yao. Baada ya askari kuchoma maghala, njaa iliua watu ambao hakuna padri aliyewazika.

Bibi Tadea, shangazi yake Sixtus, aliwajua kutoka kwa mama yake. Wamatengo huzikana katika ntambo, mteremko wa ukoo, naye aliwahesabu ntambo kwa ntambo. Ntambo tatu, watu hamsini na watatu. Wanne walikuwa ndugu za mama yake. Alitaka majina yao yawekwe mnarani, kwa kuwa baada yake hakuna aliyeyajua.

Asubuhi iliyofuata alishuka mwenyewe hadi kikaoni.

"Shikamoo, Shangazi. Njaa haina bunduki," Sixtus alisema. "Tukianza kupima, koo zitagombana."

"Marahaba. Miaka yote ushirika ulipima kahawa kwa mkono wako, leo mizani imekushinda? Hao wote waliokosa ni nani? Mdogo wake mama alikuwa hajaacha kunyonya. Alikosa nini?"

Mjumbe mmoja alicheka.

Sixtus aliikata kwa kalamu sentensi ya "Wote walikosa." "Haya. Hatuhukumu mtu."

"Umeshahukumu," alisema Beatha. "Sita huku, sita kule. Katekista, kati ya sita wa kushoto, aliuawa akiwa hana silaha. Ni kosa, libaki. Lakini ghala halikujichoma."

"Majina hayo ya njaa yana ushahidi gani?" aliuliza Sixtus.

"Wa Bibi. Na ntambo mbili hazina mtu mpaka leo."

Walibishana mpaka fundi akaja kuuliza kama arudi kwake. Mwishowe kamati ilikubali kuondoa maua yaliyopangwa kuchorwa pembeni ili ipatikane nafasi ya mstari mmoja: "Watu hamsini na watatu walikufa kwa njaa baada ya askari wa serikali kuchoma vyakula vyao." Majina yao yalikataliwa kwa kura tano dhidi ya mbili.

Beatha alikuwa amechoka. Mstari ulikuwa sahihi, na asingepata zaidi ya huo.

"Wa mama yangu wamo?" aliuliza Bibi Tadea, ambaye hakujua kusoma.

"Wamo, Bibi."

"Kwa majina?"

"Kwa hesabu."

Bibi alikaza khanga kiunoni. Alisema anawahi kupanda mlima kabla jua halijawa kali, akaondoka bila kumuaga mpwa wake.