Katulizwa

Mama yangu alinivunja kidole nikiwa na miaka tisa. Alinivunja kwa mwiko, kisa nilimjibu. Ni hiki cha shahada cha mkono wa kulia, kimepinda mpaka leo, na ndicho ninachoshikia kalamu. Nalisema mapema asije mtu akadhani nasimulia habari za malaika. Mama alikuwa mponda kokoto. Miaka thelathini alikaa chini na nyundo, mawe upande huu, kokoto upande ule, na jioni akarudi nyumbani na mikono ambayo bado ilikuwa na hamu ya kuponda. Tuliokuwepo nyumbani ni sisi.

Uzeeni akaanza kusahau. Alisahau majina, akasahau njia ya chooni, ila kupiga hakusahau. Siku alipompasua wifi yangu paji la uso kwa mfuniko wa sufuria, kaka alinipigia simu anahema.

"Mdogo wangu, mimi nimefika mwisho. Wewe si ndiye unayezijua nyumba za wazee? Tafuta moja nzuri."

Nilizijua, tena sana. Miaka kumi na saba nilikuwa mkaguzi wa makao ya wazee, na kwa kazi ile nilikuwa najiona. Nikiingia mahali simsalimii mtu kabla sijanusa korido. Napitisha mkono chini ya godoro kuona kama lina unyevu. Naangalia kikombe cha maji kama kiko karibu na mkono wa mzee au kimewekwa dirishani kama pambo. Halafu naangalia kucha, kwa sababu mzee aliyetelekezwa anaoshwa usoni siku ya wageni, lakini kucha nani atazikumbuka. Wenzangu kazini, na baadaye hata wazee, waliniita Bi Kucha, na mimi nikaitika.

Mwisho wa fomu yetu palikuwa na swali moja lenye alama kumi: Je, wazee wametulia?

Nyumba niliyomchagulia mama nilikuwa nimeikagua mara nne. Ilikuwa na milango ya kijani, sakafu unaweza kulia chakula, na kucha za wazee wote zilikatwa fupi mpaka karibu na nyama. Kasoro moja tu niliwahi kuikuta: hapakuwa na mtungi wa kuzimia moto. Niligomba mpaka ukanunuliwa, ukatundikwa ukutani karibu na bafu, mwekundu, mzito. Na daftari la zamu nilikuwa nalipitia ukurasa kwa ukurasa, natia sahihi chini ya kila ukurasa. Kala. Kaoga. Kalala. Katulia. Katulia. Katulia. Niliwapa alama tisini na nne. Kaka alipoiona ile fomu alisema Mungu akupe nini, akambeba mama na begi lake.

Miezi minne mama akatulia kweli. Nilikwenda kila Jumamosi, siku ya wageni. Namkuta amekaa kitini, khanga imekunjwa vizuri magotini, macho yako ukutani. Nilimchana nywele. Katika maisha yangu yote sikuwahi kushika kichwa cha mama yangu, angenikata mkono. Sasa alikuwa ananiachia, nami nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi, nikarudi nyumbani nikilia kwa furaha, nikiamini kwamba hatimaye nimepata mama kama wa watu wengine.

Mhudumu wa kiume aliyekuwa akinisogezea kiti alikuwa pandikizi la mtu. Zamani alilinda milango ya kumbi za starehe, kwa hiyo wazee walimwita Baunsa. "Mama yako hana neno siku hizi," aliniambia. "Tumeelewana."

Jumamosi ya mwisho niliinua chanuo mama akakwepa.

Sizungumzii kushtuka. Alikwepa, akaingiza kichwa mabegani, akafumba macho, akangoja. Mama yangu, ambaye aliwahi kumfukuza mgambo kwa nyundo barabara nzima. Nilibaki na chanuo hewani. Nilimpigia kaka, akasema ndiyo ugonjwa unavyokwenda. Nikajaribu kumwamini Jumapili nzima na Jumatatu nzima.

Jumanne saa sita mchana nikaenda bila kuaga mtu. Kwa kawaida ofisi yetu ilipeleka barua siku saba kabla ya ukaguzi, na mkaguzi mwenye ndugu mahali hakuruhusiwa kupakagua. Niliyajua yote hayo. Nilimwonyesha mlinzi kitambulisho nikapita.

Matroni, mkuu wa nyumba ile, alikuwa ametoka. Kwenye meza ya korido alikaa muuguzi wa zamu ya mchana, mama mmoja mwembamba wa sauti ndogo, mwenye mwandiko mzuri kama wa kadi ya harusi. Aliponiona kalamu ilimtoka mkononi.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Anaogeshwa," akasema. Hakunitazama.

"Nani anamwogesha?"

Aliyejibu alikuwa mzee wa kitanda cha kwanza, kinachotazamana na meza ile. Alikuwa mwalimu wa lugha, amestaafu miaka mingi, miguu haina kazi. Wote tulimwita Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Sogea hapa, Bi Kucha. Shuleni ulisoma?"

Niliona meno mawili ya mbele hayapo. Mwezi uliopita yalikuwepo, na fizi ilikuwa bado nyekundu.

"Mwalimu, nani kakufanya hivyo?"

"Nimekuuliza kama ulisoma. Chukua lile daftari. Wewe ni bingwa wa kutia sahihi, leo nataka unisomee. Kwa sauti."

Nilitaka kumpita niende bafuni, lakini muuguzi alikuwa tayari amelinyanyua daftari kwa mikono miwili, ananipa. Nikalifungua katikati. Nikasoma.

"Kala nusu. Kaoga. Katulia."

"Soma kilichoandikwa," Mwalimu akasema. "Sikukuomba usome unachokijua."

Nikainamisha kichwa. Mwandiko ule mzuri, herufi moja moja, umekaa wazi kabisa. Katulizwa.

Nikafungua ukurasa mwingine. Katulizwa. Mwingine. Kitanda cha tatu, katulizwa. Kitanda cha saba, katulizwa mara mbili. Chini ya kila ukurasa, kwa wino wa bluu, sahihi yangu yenye mkia mrefu ninaojivunia.

"Kutulia natulia mwenyewe," Mwalimu akasema, taratibu, kama yuko darasani. "Kutulizwa nafanyiwa. Mtoto mchanga hutulizwa kwa wimbo. Je, mzee hapa anatulizwa kwa nini? Miaka miwili nangoja mkaguzi aulize."

Muuguzi alikuwa analia bila sauti. "Matroni alitaka niandike katulia," akasema. "Nilishindwa kuandika uongo, na kusema niliogopa. Nikaweka herufi mbili. Kila ulipokuja, mama, mimi ndiye niliyekuwa nakuwekea daftari mbele yako. Nilikuwa nalifungua kabisa."

Nikakumbuka. Nilikuwa namwambia asante.

Vidole vyangu viliendelea kufungua vyenyewe, na hapo nikafika kwa Bibi Redio. Huyo alikuwa bibi mmoja anayeongea tangu alfajiri mpaka usiku, habari za ndoa za watu, bei za vitu, wafalme, mvua. Alinichekesha sana. Kwenye ukaguzi wa mwisho sikumkuta, Matroni akaniambia ametutoka usingizini, kwa amani, nami nikasema poleni. Siku yake ya mwisho ilikuwa mistari mitatu. Katulizwa saa nane. Katulizwa saa tisa. Kafariki saa kumi. Na chini, mimi.

Ndipo ikatoka sauti kule bafuni. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayefundisha.

"Tulia."

Halafu kitu cha majimaji kikapiga, pa.

"Tulia."

Pa.

Sikukimbia, nilitembea haraka kama mtu aliyechelewa ofisini. Nilipopita ukutani mkono ukaushika ule mtungi mwekundu ukautoa kwenye ndoano yake. Ulitoka bila kukwama, maana nilihakikisha mwenyewe.

Mlango wa bafu haukufungwa. Mama alikuwa uchi kwenye kiti cha plastiki, viganja vimefungwa kwa bandeji kwenye mikono ya kiti. Baunsa alinipa mgongo. Alishika taulo lililoloweshwa, limefungwa fundo mwishoni, fundo la ukubwa wa ngumi. Taulo la maji haliachi alama, hilo kila mkaguzi amefundishwa, na mimi mwenyewe nilishawahi kulifundisha kwenye semina. Alikuwa anampiga mbavuni, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepiga godoro vumbi. Mama hakulia. Alikuwa ameinamisha kichwa akihesabu kwa midomo.

"Tulia," Baunsa akasema, akainua taulo.

Nikampiga na mtungi kwa mikono yote miwili, pale shingo inapokutana na bega. Nilisikia mfupa wa mtulinga ukikatika. Aligeuka akashangaa tu, akanitambua, hata akataka kunisalimia nadhani, mdomo ukaanza kusema mama mkaguzi. Nikampiga mdomo. Alianguka kwenye sinki, sinki likang'oka, maji yakaruka mpaka darini, akateleza akakaa chini akishika uso. Damu ilikuwa inapita katikati ya vidole vyake, inachanganyika na povu la sabuni na kuelekea kwenye tundu la maji machafu. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia. Alisema basi. Alisema basi mara kadhaa, nilimsikia vizuri.

Pigo la kwanza lilikuwa la mama, na la pili la Bibi Redio. Mengine yaliyofuata yalikuwa yangu. Hakimu aliniuliza baadaye kwa nini niliendelea na mtu amelala chini, nikamjibu kwamba nilikuwa napiga ile sahihi. Aliandika kitu, sijui kama alinielewa. Nilimvunja goti. Nilimvunja vidole vya mkono wa taulo, kimoja kimoja, nikiukita mtungi juu yavyo sakafuni kama mama alivyokuwa akikita nyundo juu ya jiwe. Nilikuwa na mikono ile ile. Sikuwahi kujua.

Aliyenisimamisha si muuguzi, ingawa alikuwa amenikumbatia kiunoni anavuta. Ni kwamba niliinua macho nimtazame mama, nimwambie kwisha habari yake. Mama alikuwa amejikunja kwenye kiti, kichwa mabegani, macho amefumba. Alikuwa ananikwepa mimi. Aliona mtu anapiga, akangoja zamu yake.

Mtungi ukanitoka. Nilipiga magoti kwenye maji yale mekundu nikafungua bandeji, mikono haishiki, ikabidi nitumie meno. "Mama, ni mimi," nikamwambia. Alijibu kwa sauti ya adabu ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake.

"Nimetulia," akasema. "Nimetulia."

Baunsa alifungwa miaka kumi na miwili, anatembea kwa magongo. Matroni alifungwa naye. Nyumba ilifungwa, Mwalimu akachukuliwa na mpwa wake. Mimi nililipeleka daftari kwa wakubwa kwa mkono wangu, kurasa zote zenye sahihi, nikawaambia mkisoma msiruke herufi. Kazi nikafukuzwa, na kwa kumjeruhi yule mtu nikapewa kifungo cha nje. Sikukata rufaa.

Mama nikamchukua kwangu. Kucha zake sikuzikata fupi tena. Nilikuwa nimeshaelewa kwa nini kule walizikata mpaka kwenye nyama. Ni ili wakipigwa wasiparure, na mimi nikawapa alama.

Wiki sita alikuwa ananikwepa. Nikiinua kikombe, anakwepa. Nikinyoosha mkono kuwasha taa, anaingiza kichwa mabegani na kusema ametulia. Nilijifunza kutembea ndani ya nyumba yangu mikono ikiwa chini, kama mwizi aliyekamatwa. Nilikuwa nalala nikimwomba Mungu kitu ambacho mtu wa kawaida haombi.

Alhamisi moja asubuhi nilikuwa namnywesha supu. Ilikuwa ya moto na mimi sikuionja, mawazo yangu yalikuwa mbali. Nikamtia kijiko mdomoni. Mama akaitema yote kifuani mwangu, akaninyang'anya kijiko, akanipiga nacho kwenye kidole hiki hiki kilichopinda, kwa nguvu zote za miaka thelathini ya kokoto.

"Unataka kuniunguza, mshenzi wewe," akasema. Macho yake yalikuwa yananitazama mimi, si ukuta.

Nilikaa sakafuni nikashika kidole changu nikalia mpaka kwikwi. Akanipiga tena, begani, kwa sababu nilikuwa napiga kelele.

Jioni kaka alipiga simu, kama kawaida yake.

"Mama anaendeleaje? Katulia?"

"Hapana, kaka," nikamwambia. "Leo kanipiga."